Je, Wajua? Shaba, Spika na Waya Unaoziunganisha, Nachingwea na Ruangwa

Je, wajua kwamba kwenye njia za misafara ya karne ya 19 waya ulikuwa fedha? Wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji walibeba vitambaa, shanga na masango, yaani nyaya nene za shaba iliyochanganywa na zinki. Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871, ameandika kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya ulihesabiwa kama dhahabu. Aliochukua yeye ulikuwa wa namba 5 na namba 6. Hizo ni namba za unene: waya wa namba hizo una kipenyo cha milimita tano hivi.

Je, wajua kwamba katika hesabu hiyo namba ikipanda, waya unakonda? Utaratibu huo bado uko hai kwenye maboksi ya waya wa spika. Ukiona herufi AWG, hiyo ni geji ya Kimarekani. AWG 12 ni milimita za mraba 3.3, AWG 14 ni 2.1, AWG 16 ni 1.3, na AWG 18 ni 0.8 tu. Mtu anayechukua 18 akiamini ni kubwa kuliko 12 anatoka dukani na waya mwembamba mara nne.

Kwetu wengi hununua kwa milimita za mraba: "nipe wa moja na nusu", "nipe wa mbili na nusu". Hapo namba ikipanda, waya unanenepa kweli. Uliza kwanza ni hesabu ipi kabla hujakatiwa.

Je, wajua maana ya maandishi kama 24/0.2 ubavuni mwa waya? Ni nyuzi 24 za shaba, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 0.2. Zikijumlishwa zinatoa milimita za mraba 0.75. Ukikuta 30/0.25, huo ni waya wa 1.5. Ukikuta 50/0.25, ni wa 2.5. Na ukikuta ubavu mtupu usio na namba wala jina, kata kipande na uhesabu nyuzi mwenyewe. Kuna nyaya nene kwa nje ambazo ndani zina nyuzi chache mno. Unene wote ni plastiki.

Fedha za korosho zikishaingia baada ya minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, sabufa ni moja ya vitu vinavyoingia majumbani. Watu hukagua mwili wa spika, taa zake, rimoti yake, hata rangi ya wavu. Waya huchukuliwa ule ule uliokuja ndani ya boksi. Kwa chumba kimoja unatosha. Ukitaka kupeleka spika moja barazani na nyingine sebuleni, haufai tena, na sababu yake inahesabika kwa kalamu.

Je, wajua kwamba shaba nayo huuzuia umeme? Waya wa shaba wa milimita ya mraba 1, wenye urefu wa mita 1, una ukinzani wa takriban omu 0.017. Ni kidogo sana, ila umeme wa spika huenda na kurudi. Spika iliyo mita 10 kutoka kwenye amplifaya ina mita 20 za shaba njiani. Ukitumia waya wa 0.5, huo ni ukinzani wa omu 0.69. Kwa spika ya omu 8, karibu asilimia 8 ya nguvu inaishia kwenye waya kama joto. Ukitumia wa 2.5, hasara inashuka chini ya asilimia 2.

Je, wajua kwamba kwa umbali wa sebule ya kawaida sikio halitatambua hasara hiyo? Asilimia 8 ya nguvu ni chini ya desibeli moja, na watu wengi hawasikii tofauti ndogo hivyo katika muziki. Kwa hiyo usimwache mtu akutishe. Hatari inaanza pale urefu unapoongezeka na omu za spika zinapopungua. Chukua spika ya omu 4 iliyowekwa uani, mita 30 kutoka kwenye amplifaya, kwa ajili ya sherehe, ukaiunga kwa ule waya mwembamba wa 0.5. Hapo theluthi nzima ya nguvu inapasha waya moto badala ya kutoa sauti. Waya wa 2.5 kwa umbali huo huo unapoteza chini ya sehemu moja kwa kumi. Mtu akilalamika kwamba "spika za uani hazipigi", aangalie waya kabla ya kumlaumu aliyemkodisha spika.

Kanuni wanayoifuata mafundi wengi duniani: ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa spika ya omu 8, waya wa shaba wa 0.75 unakufikisha mita 8, wa 1.5 mita 17, wa 2.5 mita 29. Spika ikiwa ya omu 4, gawa umbali huo kwa mbili. Andika namba hizi ukutani kwa penseli, nyuma ya kabati la redio. Zitakusaidia kuliko tangazo lolote.

Je, wajua kwamba neno "omu" linatokana na jina la mtu? Georg Ohm, Mjerumani, alichapisha kanuni yake ya umeme mwaka 1827, karibu miaka 100 kabla ya spika tunazozijua. Spika yenye koili inayocheza ndani ya sumaku, aina ile ile iliyomo kwenye sabufa yako, ilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani mwaka 1925. Tangu hapo mengi yamebadilika kwenye amplifaya. Kwenye spika yenyewe, koili, sumaku na karatasi ni vile vile.

Je, wajua kwamba si kila waya wenye rangi ya shaba ni shaba? Kuna nyaya nyingi za aluminiamu zilizopakwa shaba kwa nje. Mara nyingine huandikwa CCA, mara nyingine haziandikwi kitu. Hubeba umeme kwa kiasi cha theluthi mbili ya shaba halisi, kwa hiyo waya wa 1.5 wa aina hiyo unafanya kazi ya waya wa shaba wa 1.0. Si sumu wala si wizi kama bei ni ya aluminiamu na muuzaji amekuambia. Ni wizi ukiuziwa kwa bei ya shaba.

Kutambua ni rahisi, na hapa inafaa twende taratibu. Kwanza, shika roli mkononi. Aluminiamu ina uzito usiofika theluthi ya shaba kwa ujazo ule ule, kwa hiyo roli la waya "mnene" likiwa jepesi, lishuku. Pili, chubua sentimita mbili, chagua uzi mmoja, uukwangue kwa wembe huku umeulaza kwenye kigae au kisahani. Shaba itabaki nyekundu hadi ndani. Aluminiamu itaonyesha weupe chini ya rangi. Tatu, ukiwa nje na mbali na kitu cha kuwaka, shika ncha ya uzi mmoja kwa plaizi na uipeleke kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi joto 1085 na aluminiamu kwenye 660. Uzi wa shaba utawaka wekundu na kubaki umenyooka, wa aluminiamu utalegea na kukatika. Sumaku haisaidii hapa, kwa sababu haivuti shaba wala aluminiamu. Inasaidia kugundua chuma tu.

Je, wajua kwamba ule waya wa plastiki angavu, wenye upande mmoja mwekundu wa shaba na mwingine mweupe, mara nyingi ni shaba pande zote mbili? Ule mweupe umepakwa bati. Rangi imewekwa ili ujue upande upi ni upi mwisho wa pili wa waya. Hakuna upande ulio bora. Nyaya nyingine zina mstari, ukingo wenye mfuo, au maandishi upande mmoja tu, kwa kazi hiyo hiyo.

Je, wajua kwa nini upande una maana? Ukiunga spika moja chanya kwa chanya, na ya pili ukageuza, karatasi ya spika moja inasukuma hewa wakati ya nyingine inavuta. Besi ya spika hizi mbili inauana hewani. Dalili yake: ukisimama katikati ya spika, muziki unasikika mwembamba, sauti ya mwimbaji haijulikani inatoka wapi, na ukisogea pembeni besi inarudi. Watu huongeza besi kwenye rimoti mpaka amplifaya inachoka, na dawa ilikuwa kubadilisha nyaya mbili nyuma ya spika moja.

Rangi nyuma ya spika zikifutika, betri ya tochi ya volti 1.5 inakupa jibu. Toa waya kwenye amplifaya, gusisha chanya ya betri kwenye upande mmoja wa spika na hasi kwenye wa pili, kwa sekunde moja tu. Karatasi ikiruka mbele, upande ulioguswa na chanya ndio chanya ya spika. Ikirudi nyuma, geuza. Weka alama kwa tepu nyekundu. Twita usizijaribu hivi, ni nyororo mno na mwendo wake hauonekani.

Je, wajua kwamba madini ya fedha hubeba umeme vizuri kuliko shaba, lakini kwa asilimia 6 hivi tu? Dhahabu iko chini ya shaba, karibu asilimia 70 ya uwezo wake. Plagi hupakwa dhahabu kwa sababu haiingii kutu, na kwa sababu hiyo peke yake. Kwa mji kama Lindi, ufukweni, ambako hewa ya chumvi inakula kila chuma, sababu hiyo ina uzito. Nachingwea na Ruangwa, bara, ina uzito mdogo zaidi.

Je, wajua kwamba mwaka 2007 James Randi, Mmarekani aliyejulikana kwa kupima madai ya ajabu, aliahidi dola milioni 1 kwa atakayeweza kutofautisha kwa sikio peke yake waya wa spika wa maelfu ya dola na waya wa kawaida? Fedha hiyo haikuchukuliwa na mtu. Fizikia haishangai. Waya ukiwa mnene wa kutosha kwa urefu wake, viungo vikiwa vimekazwa na pande zikiwa sahihi, kazi yake imekwisha. Fedha inayobaki inunulie spika.

Na waya wa kawaida maana yake ni wa kawaida kweli. Ule waya laini wa nyuzi nyingi wanaotumia mafundi umeme kutengenezea ekstensheni, wa 1.5, ni waya mzuri wa spika. Spika haijui ulinunuliwa kwenye rafu ipi.

Kinyume chake ni hatari, na hapa naomba usome mara mbili. Ule waya mwembamba mwekundu na mweusi wa spika usiutumie kamwe kupeleka umeme wa nyumbani wa volti 230 kwenye taa, soketi au kwa jirani. Plastiki yake haikutengenezwa kwa volti hizo, na shaba yake haikutengenezwa kubeba pasi au jiko. Unapata joto ndani ya ukuta au juu ya dari, plastiki inalainika, nyuzi zinagusana. Tangu umeme wa REA ulipofika vijijini, nyumba nyingi zimeunganishwa kwa mara ya kwanza, na kishawishi cha kujiongezea taa ya chumba cha pili kwa waya uliobaki wa redio ni kikubwa. Nyumba ikiwa na dari ya mbao au paa la makuti, kosa hilo halina nafasi ya pili. Wala usiweke plagi ya ukutani kwenye waya wa spika "kwa muda". Siku moja mtoto ataichomeka kwenye soketi.

Je, wajua kwamba waya wa spika wenyewe nao unaweza kumpiga mtu? Amplifaya ya wati 100 kwenye spika ya omu 8 inatoa volti 28 hivi, haikupi kitu zaidi ya mshtuko mdogo. Amplifaya kubwa ya sherehe ikitoa wati 1000 kwenye omu 8 inafika karibu volti 90. Hizo si za kushikwa na mikono iliyolowa. Zima kwanza, kisha unga.

Je, wajua kwamba wati za kwenye boksi na wati za nyuma ya sabufa hazifanani? Kwenye boksi unaweza kukuta wati elfu kadhaa za PMPO, hesabu isiyo na kiwango kinachokubalika popote. Geuza sabufa, soma kibandiko karibu na waya wa umeme: 220V, 50Hz, kisha wati, labda 40 au 60. Hizo ndizo inazokula kutoka ukutani, na hakuna amplifaya inayoweza kuendelea kutoa zaidi ya inachokula. Chagua waya kwa namba ya kibandiko.

Kuhusu kuongeza spika. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaziona kama omu 4. Zikiungwa kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, inaziona kama omu 16. Spika mbili za omu 4 sambamba ni omu 2, na amplifaya nyingi za nyumbani hazikuundwa kwa omu 2. Zitapiga kwa nguvu nusu saa, zitapata joto, kisha zitanyamaza. Msimu wa unyago na harusi, vijana wanapokusanya spika za majirani wote na kuzichomeka kwenye amplifaya moja, hesabu hii ndiyo inayoamua kama usiku utafika alfajiri.

Je, wajua kwamba spika inaweza kuchoka kweli? Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, kama asilimia 0.39 kwa kila nyuzi joto moja. Koili ya spika inayopigwa kwa nguvu saa nyingi inaweza kufika nyuzi joto 200, na hapo ukinzani wake umeongezeka kwa takriban asilimia 70. Inakula nguvu kidogo kuliko ilivyokula jioni, na sauti inashuka bila mtu kugusa kitu. Anayeongeza sauti wakati huo anaisukuma koili kuungua. Ipumzishe dakika 20, itarudi.

Je, wajua kwamba uzi mmoja tu uliopotea unaweza kuua amplifaya? Angalia nyuma ya amplifaya nyingi za vibanda umiza: matundu mawili, jekundu na jeusi, yametengana kwa sentimita moja au mbili. Waya umechubuliwa kwa meno, nyuzi tatu zimebaki nje, mojawapo imejikunja na kugusa tundu la pili. Hiyo ni shoti. Chubua sentimita moja kamili kwa wembe ukizungusha plastiki bila kugusa shaba, sokota nyuzi kwa upande mmoja mpaka ziwe kama uzi mmoja, ingiza zote, bana, kisha vuta kidogo. Waya ukitoka, haukuwa umebana. Shaba tupu isionekane nje ya kibanio.

Je, wajua kwamba kupaka risasi kwenye ncha inayokwenda chini ya skrubu ni kosa? Risasi ni laini. Skrubu inaikandamiza, siku zinavyopita inatambaa pole pole na kiungo kinalegea. Lehemu mahali ambapo waya utabaki milele, kama kwenye mguu wa spika ndani ya boksi lake. Kwenye skrubu, nyuzi za shaba zilizosokotwa zinashika vizuri zaidi zikiwa tupu.

Na kuunga kwa kusokota katikati ya njia kisha kufunga solatepu? Solatepu ya karatasi za ofisini haizuii umeme wala unyevu. Tumia tepu nyeusi ya umeme, na ikiwezekana usiunge kabisa: nunua kipande kimoja kinachofika.

Wengi wa Nachingwea wanajua habari ya karanga: mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga reli kutoka pwani ya Mtwara hadi Nachingwea. Mradi ulianguka mwaka 1951, na reli iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Je, wajua hilo linahusianaje na waya? Shaba ni nzito, na leo kila roli linalofika dukani Nachingwea au Ruangwa limesafiri kwa barabara. Mzigo wa Kariakoo unateremka kusini ukivuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 likiwa na urefu wa mita 970. Kabla ya hapo kivuko kiliamua mzigo ufike lini.

Shaba yenyewe ina jamaa zake karibu. Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, mafundi wa zamani waliyeyusha shaba na kuimimina kwenye umbo la misalaba iliyotumika kama fedha. Zambia, jirani yake, ndiyo iliyohitaji njia ya kupitisha shaba kwenda Dar es Salaam, na hiyo ni sababu kubwa ya reli ya TAZARA kujengwa kati ya 1970 na 1975.

Ruangwa nayo ina uhusiano wake na muziki, ingawa hauonekani. Je, wajua kwamba madini ya kinywe, yanayopatikana wilayani humo kwenye mgodi wa Lindi Jumbo, Matambarale, ni kaboni, na kwamba kaboni ndiyo inayoongoza sauti kwenye kitufe cha voliumu cha kuzungusha? Ndani ya kitufe kuna njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachotambaa juu yake. Ukizungusha, urefu wa kaboni unaopitiwa na umeme unabadilika. Vumbi likiingia, unasikia mkwaruzo kila unapogusa. Mkwaruzo unaokuja ukizungusha voliumu ni kitufe. Mkwaruzo unaokuja ukitikisa waya ni waya. Fundi asikutoze kwa kimoja akatengeneza kingine.

Je, wajua kwa nini spika za honi za misikiti na viwanja hutumia waya mwembamba kwa umbali mrefu na bado zinasikika? Nyingi zinatumia mfumo wa volti 100. Amplifaya inapandisha volti, na kila spika ina transfoma ndogo inayoishusha. Wati 100 kwa njia ya kawaida ya omu 8 zinahitaji ampea 3.5, kwa volti 100 zinahitaji ampea 1. Hasara ya waya inafuata ampea zikizidishwa kwa zenyewe, kwa hiyo inapungua mara 12. Usichanganye mifumo hiyo miwili. Spika ya nyumbani ikichomekwa kwenye laini ya volti 100 haitakaa.

Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, nyumbani kwa timu ya Namungo iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, unafundisha jambo lingine. Sauti hewani inasafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Aliyesimama mita 100 kutoka kwenye spika anasikia tangazo likiwa limechelewa karibu theluthi ya sekunde. Ndani ya waya ishara inakwenda zaidi ya kilomita 100,000 kwa sekunde. Kwa hiyo wale wanaosisitiza kwamba waya wa spika ya kulia na wa kushoto lazima ulingane kwa sentimita wanajisumbua. Spika moja ikiwa mita 3 na nyingine mita 7, sikio halina habari. Kusogeza kiti chako hatua moja kunabadilisha mengi zaidi.

Je, wajua kwamba usipounga nyaya nne zote unaweza kuunguza amplifaya ya gari? Wapo wanaobana matumizi ya waya kwa kutumia hasi moja kwa spika mbili. Kwenye amplifaya nyingi za gari na za chipu ndogo, mguu unaoitwa hasi nao unabeba sauti. Si sehemu ya bodi. Kuuunganisha na mwenzake, au na chuma cha gari, ni shoti ya moja kwa moja.

Sabufa zenye pini za duara nyuma zina mtego wake. Pini za kuingizia sauti na za kupeleka sauti kwenye spika ndogo zinafanana kabisa. Soma maandishi madogo kabla ya kuchomeka simu au king'amuzi.

Kwa wanaotumia sola, unene wa waya una uzito mkubwa zaidi upande wa betri kuliko upande wa spika. Amplifaya ya volti 12 inayokula ampea 8, ikiwa mita 5 kutoka kwenye betri kwa waya wa 1.5, inapoteza karibu volti 1 njiani. Betri ina 12, amplifaya inaona 11, na besi ikipiga inazima. Waya wa milimita za mraba 4 unashusha hasara hiyo hadi theluthi ya volti. Njia rahisi kuliko hiyo: sogeza amplifaya karibu na betri na urefushe waya wa spika. Fyuzi iwekwe karibu na betri, bila kukosa.

Mvua za Novemba hadi Aprili huja na radi. Ikianza, chomoa sabufa ukutani na king'amuzi kwenye antena, maana radi hupitia njia zote mbili.

Panya na mchwa ni adui wa kweli huku kusini. Panya hutafuna plastiki ya waya kwa sababu meno yao hayakomi kukua. Waya unaopita juu ya dari au nyuma ya gunia la mbaazi upitishwe kwenye bomba la plastiki. Uliochimbiwa uani vile vile.

Je, wajua, mwisho, kwamba waya uliozidi hauna haja ya kukatwa? Wengi huogopa kwamba ukiukunja mviringo sauti itaharibika. Kwenye waya wa nyuzi pacha, umeme wa kwenda na wa kurudi uko ubavu kwa ubavu, na nguvu zake za sumaku zinafutana. Mita mbili zilizobaki zifunge kwa kamba nyuma ya kabati. Ukihamisha spika kwenda chumba cha pili, utazihitaji.